Bei ya Maneno ya Mkono

Mama aliniziba mdomo mbele ya wajumbe watano wa Mamlaka ya Mawasiliano, mawakili watatu wa kampuni ya simu, na ukumbi mzima wa wateja waliokuja kulalamika. Hakunipiga kofi wala hakunivuta sikio. Aliinua mkono wa kulia, ule wenye kovu la msumari kwenye kidole gumba, akauweka juu ya midomo yangu katikati ya sentensi na kuukandamiza kidogo. Ulinuka gundi ya sponji. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nimevaa sketi niliyoipiga pasi mara mbili kwa ajili ya siku hiyo, na sikuwahi kuona aibu kama ile tangu nizaliwe.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliweka kalamu mezani. "Mkalimani, kuna tatizo?"

Tatizo lilikuwepo. Lilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na lilianza siku ya kochi la mwalimu mkuu.

Mama yangu ni fundi makochi. Alizaliwa hasikii, kama dada yake aliyemtangulia. Akiwa kazini hubana misumari midogo kwenye midomo na kushika nyundo mkononi, na kwa kuwa mikono hiyo hiyo ndiyo inayomsemea, akitaka kusema neno lazima aweke nyundo chini. Kwa hiyo hapendi kupoteza maneno. Ukiona nyundo imewekwa chini, jua kuna mtu ataumia.

Mwalimu mkuu wa shule yetu alirudisha kochi lake akidai springi zimelegea kwa uzembe wa fundi. Mama akaweka nyundo chini. "Mwambie springi hazina kosa," mikono ikasema. "Kosa ni makalio yake." Nilikuwa na miaka saba. Nilimtazama mwalimu mkuu, ambaye Jumatatu ningesimama mbele yake mstarini, nikasema, "Mama anasema pole sana, ataliangalia." Mwalimu mkuu akatabasamu, akaniambia mama yangu ni mtu mpole mno. Mama aliliona tabasamu lile, akanitazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Nikadhani yamekwisha.

Tangu siku hiyo kila alichokisema mama nilikiosha kwanza kabla ya kukiandaa mezani. Mtaa mzima ulimjua kama mwanamke mtaratibu, asiye na neno na mtu. Mama huyo mimi sikuwahi kukutana naye. Mama aliposema, "Mwambie mwenye nyumba paa lake linavuja na akili yake pia," mimi nilisema, "Mama anaomba, ukipata nafasi, upitie uone paa." Mwenye nyumba hakupata nafasi kwa miaka mitatu, nasi misimu yote ya mvua tulilala na sufuria katikati ya chumba. Nilipokua nikaajiriwa mapokezi katika kliniki ya meno, ambako kazi yangu kubwa ni kuwaambia watu kwamba haitauma. Niliiweza tangu siku ya kwanza.

Mtu pekee ambaye mama hakunihitaji kwake alikuwa Mama Mkubwa. Hawa wawili walikulia nyumba moja kabla hawajasikia kwamba kuna shule ya viziwi mahali popote, na wakajitungia lugha yao ya mikono. Baadaye walijifunza alama za viziwi wengine, lakini ile ya nyumbani hawakuiacha. Ilikuwa na alama ya baba yao akikasirika, na nyingine ya baba yao akijifanya kukasirika. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa humo, huwa nashika nusu tu.

Mama Mkubwa aliolewa mbali, safari ya siku mbili, akafiwa na mume, akabaki kwa shemeji zake. Ni watu wema, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kusema kwa mkono zaidi ya "njoo" na "kula". Kwa hiyo kila siku saa kumi na moja jioni mama aliegemeza simu kwenye kopo la gundi, na dada yake akatokea kiooni na kitambaa chake cha kichwa, na hapo karakana ikageuka baraza. Walisimuliana, walisengenya, walicheka mpaka sponji zikaanguka. Tulikuwa tukilipia intaneti mara moja kwa mwezi, na tukishalipa hakuna aliyetuuliza tumeitumia kwa lipi.

Kisha kampuni ikatangaza Ongea Bure. Mabango yalifunika mji: vijana wenye meno mazuri, simu masikioni. Kuanzia mwezi ule, kupiga simu ya sauti na kuandika ujumbe kupitia intaneti ya kampuni visingehesabiwa kabisa. Malipo ya mwezi yalifutwa, na kila kitu kingine, yaani video zote za masomo, za mechi, za chochote, kingepimwa kwa bando. Kampuni nyingine mbili zikaiga kabla ya mwezi kwisha. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia nao, tena kwa nguvu. Nilikwenda karakana mbiombio kumpasha mama habari njema kwamba sasa kuongea ni bure.

Mama aliweka nyundo chini. "Kuongea kupi?"

Walikuwa wametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nilikuwa nimeshajipangusa na kushukuru.

Bando la wiki liliisha siku ya pili. Tulijaribu kila ujanja. Tulipunguza ubora wa picha mpaka vidole vitano vikawa kiganja kimoja kinachotikisika, ikabidi turudishe. Mama na dada yake wakaanza kufupisha. Salamu ndizo zilikatwa kwanza, kisha utani, kisha masimulizi, mwisho wakabaki na habari za lazima tu: nani anaumwa, nani amekufa. Kufikia mwezi wa tatu waliongea Jumamosi tu, dakika kumi, mama akitupia jicho pembeni ya kioo kila mara kuona kilichobaki.

Jumamosi moja nilikuwepo. Mama Mkubwa alitokea, mikono yake imelala mapajani. Mama akamsemesha. Mikono ile ikainuka polepole, ikasita hewani, ikaanza alama moja ikaiacha, ikatafuta nyingine. Dakika nzima ilipita. Simu ilipokatika mama alibaki akikitazama kioo cheusi, na machozi yakamtoka waziwazi, bila kuyafuta.

"Hana wa kusema naye," aliniambia. "Wiki nzima hana. Dada yangu anasahau kusema."

Niliogopa. Sikuwahi kumwona mama akishindwa na kitu.

Jirani yetu wa karakana alikuwa Kinyozi, mtu ambaye mdomo wake haupumziki hata akinyoa ndevu zake mwenyewe. Mimi aliniita Mdomo wa Mama. Kwake kulikuwa na skrini kubwa ya mechi. Watu walikuja kutazama mpira, wakajikuta wamenyolewa. Bando lilipoingia skrini ilizimwa, na nusu ya wateja wakaondoka nayo. Kinyozi hakulia kimyakimya. Alichapisha waraka wa kuitaka kampuni irudishe malipo ya mwezi, akaupeleka duka hadi duka, na hakuna kichwa kilichoondoka kwenye kiti chake bila kutia sahihi.

Alipoufikisha kwetu mama aliusoma taratibu, kidole chini ya kila neno, maana shule aliiachia darasa la nne kwa mwalimu aliyefundisha akiutazama ubao. Akainua macho.

"Anauliza, ni mechi tu?" nilitafsiri.

"Mama, kila mtu na kilio chake," Kinyozi akasema. "Mimi nalia mechi, yule binti wa ghorofani anasomea uuguzi kwa video, naye analia. Wewe sasa..." Akanyamaza, jambo la ajabu kwake. "Hebu ngoja. Mdomo, huyu mama anaongeaje na simu?"

Nikamweleza. Akajishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Yaani huyu analipia hata shikamoo! Mimi nina majina elfu sita humu, nazunguka na kilio cha mpira, kumbe kilio chenyewe kiko ukutani kwangu kinagonga misumari! Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu."

Nilipomtafsiria mama methali hiyo alikunja uso. "Mwulize ni nani aliyenyamaza hapa."

Wazo la foleni lilikuwa la mama. Katika ofisi ya huduma kwa wateja ya kampuni kulikuwa na mashine ya namba mlangoni na bango ukutani: *Mwenye namba hatarukwa*. Mama alilitazama bango lile siku moja alipokwenda kununua bando, akarudi nalo kichwani. Jumatatu iliyofuata, kabla mlango haujafunguliwa, viziwi kumi na tisa walikuwa nje, na walipoingia kila mmoja akachukua namba. Kila mmoja alikuwa na swali lake, alitaka kuliuliza kwa lugha yake, na alitaka kujibiwa kwa maandishi yenye mhuri. Mkalimani nilikuwa mimi peke yangu, kwa likizo ya siku moja niliyoiomba kliniki kwa kisingizio cha harusi.

"Dada, si waandike tu?" aliniuliza binti wa dirisha la kwanza, jasho likimtoka.

"Wao wanasema, si ujifunze tu?" nilijibu. Hilo lilikuwa la kiziwi mmoja fundi baiskeli, nami sikuliosha, kwa sababu binti yule alikuwa mdogo kuliko mimi. Ujasiri wangu siku zote ulijua wa kumwonea.

Ilipofika saa sita mchana mashine ilikuwa imefika namba nane tu, na watu walijaa hadi kwenye ngazi. Mwanzoni waliwakasirikia viziwi. Kisha Kinyozi akapanda kwenye kiti, akawaeleza kisa na mkasa, na hasira ikageuka ilikotakiwa kwenda. Meneja akatoka na sinia la soda. Mama alimwuliza, "Ni nani aliyewaambia kwamba mkono si mdomo?" Mimi nikamwuliza meneja kama kampuni ina mpango wowote kwa wateja wenye mahitaji kama yetu. Meneja akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, watalifanyia kazi. Mama alilitazama tabasamu, akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Tulirudi Jumanne, nami kliniki nikasema harusi imeongezwa siku. Tulirudi Jumatano, na safari hii wateja wanaosikia walikuja wakachukua namba pamoja nasi, wakiuliza kwa nini somo la uuguzi ni ghali kuliko umbea wa sauti. Wiki iliyofuata Mamlaka ikatangaza kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, na kwenye orodha ya wasemaji jina la mama likawa la tatu.

Wakili wa kampuni alitangulia. Alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza, na sitakataa kwamba alisema vizuri. Alisema njia za intaneti ni finyu na video ndizo zinazozijaza, kwa hiyo anayejaza njia alipe zaidi. Alisema kampuni imewapa wananchi mazungumzo ya bure. Kuhusu viziwi, aliwahurumia sana. "Lakini video, waheshimiwa, ni anasa. Ujumbe wa maandishi ni bure, nao hauhitaji masikio."

Nilimtafsiria mama neno kwa neno. Upande huo sikuwahi kuosha kitu. Maneno ya watu kwa mama niliyafikisha na miiba yake, ya mama kwa watu ndiyo niliyoyachonga. Hata sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo kabla ya siku ile.

Mama akasimama. Mikono yake ikasema, "Ninyi ni wezi mliovaa vizuri. Mmempa kila mwenye ulimi maneno ya bure, halafu mkaja kunipimia mimi yangu kwa kijiko."

Nami, kwa sauti ileile ya mapokezi, nikasema, "Mama anawashukuru waheshimiwa kwa nafasi hii. Anaona mpango huu una nia njema, ila una changamoto ndogondogo ambazo..."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, taratibu. Wakili akatabasamu. Ndipo mkono wa mama ulipokuja juu ya mdomo wangu.

"Umewaambia nini?" aliuliza alipouondoa. Alisema akiwa ameishusha mikono karibu na kiuno, ndivyo watu wa mikono wanavyonong'ona.

"Nimesema kwa adabu."

"Nimewaita wezi, nao wanacheka. Mwenye nyumba alicheka hivyohivyo. Mwalimu mkuu pia. Ulidhani sioni? Yasiyofanya kazi ni masikio. Macho yanafanya kazi ya watu wawili."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa mtoto, uliogopa, na yalikuwa makochi. Leo ni dada yangu." Akanigusa kidevu, niinue uso. "Niazime mdomo. Akili ninayo."

Hapo ndipo mwenyekiti alipouliza kama kuna tatizo. "Ndiyo, mheshimiwa. Nimetafsiri uongo. Naomba nianze upya."

Ukumbi ulinong'ona. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani, kisha akamtazama mama, akasema, "Anza."

Siku zote nilikuwa nikisema "mama anasema". Mara hii nilisema "mimi".

"Ninyi ni wezi mliovaa vizuri," nilisema, na sauti yangu ikapasuka katikati, lakini ikafika. Wakili akaruka kutoka kitini. Mwenyekiti akamwinulia kiganja. "Keti, wakili. Muda ni wa huyu mama."

"Huduma yenu inaitwa Ongea Bure. Mimi naongea. Dada yangu anaongea. Tuna zaidi ya miaka hamsini tunaongea. Ni nani aliyewapa kazi ya kuamua kuongea ni nini? Kazi yenu ni barabara. Mwenye barabara hamsimamishi mpita njia amfunue kapu." Mikono ya mama ilikwenda kasi, nami nikaifuata, na ajabu, sikuhitaji kufikiri. "Wakili ananiambia niandike. Na yeye amwandikie mkewe kwa lugha ya watu wengine, mwaka mzima, bila kumtazama usoni, kisha aje anieleze ndoa inaendeleaje."

Ukumbi ulicheka, na mjumbe mmoja alijificha nyuma ya karatasi. Mama hakucheka.

"Kule aliko dada yangu hakuna mtu wa kusema naye. Nikikata simu ananyamaza mpaka Jumamosi nyingine. Mikono yake imeanza kusahau. Si kwamba mmenipandishia bei ya video. Mnamfanya dada yangu bubu, na hakuzaliwa bubu."

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nikilia na kusema kwa wakati mmoja.

Wakili alijikusanya. Alisema hali hiyo inasikitisha, lakini watu wa namna hiyo ni wachache sana ukilinganisha na mamilioni ya wateja.

"Jino bovu huwa moja tu mdomoni," mama alijibu, "lakini mwili mzima haulali." Hilo nililitafsiri kwa furaha ya kikazi.

Kisha likaja lile ambalo hatukulitegemea. Wakili aliinama, akashauriana na wenzake, akasimama na uso mpya. Kampuni, alisema, iko tayari kumpa mama huyu na viziwi wote waliosajiliwa kifurushi maalumu: simu za video zao hazitahesabiwa. Ingetosha kuleta cheti cha daktari, na mitambo ingezitambua video za mazungumzo na kuziruhusu.

Nilimtafsiria mama. Lilikuwa pale mezani, kila tulichokifuata: saa kumi na moja jioni, kila siku, Mama Mkubwa na kitambaa chake. Nilitamani akubali. Nilitamani kiasi kwamba jibu lilikuwa limeshajipanga kwenye ulimi wangu: mama anashukuru. Nyuma yetu Kinyozi alikuwa ameinamisha kichwa, na binti wa uuguzi pembeni yake. Hakuna ambaye angetulaumu.

Mama alimtazama wakili. Kisha akageuka, akawatazama wale wawili. Akasema.

"Hapana," nilitafsiri. "Leo mtaniruhusu mimi. Kesho mtamruhusu nani, na mtamnyima nani? Nije kila mwaka na karatasi kwamba bado sisikii? Sikuja kuomba ruhusa ya kuongea. Nimekuja kuwaambia kwamba haiko mikononi mwenu kuitoa."

Akaketi. Mwenyekiti akavaa miwani yake vizuri.

"Wakili," alisema, "umesema mitambo yenu inaweza kuitambua video ya mazungumzo na kuitenga na nyingine."

"Ndiyo, mheshimiwa. Bila shida yoyote."

"Kwa hiyo mnatazama ndani."

Wakili alianza kueleza kwamba hawatazami ndani, wanatambua aina tu. Lakini nyuma Kinyozi alikuwa ameshasimama, na ukumbi mzima pamoja naye, na maelezo hayo hayakusikika.

Uamuzi ulichukua majuma matatu. Sijawahi kuishi majuma marefu kama yale. Mama aligonga makochi kuliko yaliyoletwa. Alipokosa la mteja alifumua letu akalishona upya. Jumamosi zilikuja na dakika zake kumi, na mara ya pili Mama Mkubwa alisema mambo mawili tu. Nilijilaumu kwa kutafsiri lile "hapana" sawasawa. Usiku na mchana nilimlaumu mama kimoyomoyo, kisha nikajilaumu kwa kumlaumu.

Siku yenyewe Kinyozi aliingia karakana akikimbia, mashine ya kunyolea mkononi inavuma, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa akikimbia pia, shuka shingoni. Hakungoja nitafsiri. Alikuwa ameikariri alama moja tu kwa ajili ya siku hiyo, na alikuwa akiirudia kwa mikono yote miwili, mashine na vyote: *tumeshinda, tumeshinda, tumeshinda*. Aliikosea, kwa kweli. Alikuwa akisema "tumeiva". Mama alimwelewa.

Nilimsomea uamuzi kwa mikono, kurasa tatu. Malipo ya mwezi yarudishwe ndani ya siku saba, kwa kampuni zote. Hakuna kampuni itakayomtoza mteja kwa kutazama alichobeba. Sauti, maandishi au picha, vyote ni safari moja. Kwenye ukurasa wa mwisho mwenyekiti aliandika sentensi ambayo niliifahamu: mwenye barabara hamsimamishi mpita njia amfunue kapu. Mama aliniambia niirudie. Nikairudia. Akaomba mara ya tatu, na safari hii aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, na alipofika mwisho alimshika Kinyozi mashavu akamtikisa kichwa mpaka yule mwenye nusu ya nywele akaangua kicheko. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata kazi, kuliko siku yoyote.

Siku ya nane, saa kumi na moja, mama aliegemeza simu. Mama Mkubwa alitokea. Mwanzo mikono yake ilikuwa mizito. Mama akamsalimia salamu zote zilizokatwa tangu mwanzo wa mwaka, moja baada ya nyingine, hajambo huyu, hajambo yule, mpaka dada mtu akakereka na kumkatiza, na baada ya kumkatiza hakusimama. Saa moja baadaye walikuwa wakigombana kuhusu nguo iliyopotea utotoni, kwa alama ambazo mimi sikuzijua hata moja. Nilikuwa nimevuta kiti nikae tayari, kwa mazoea. Hakuna aliyenigeukia.

Maneno yalipokwisha niliinuka nikakate simu. Mama alinikazia macho, nikakaa.

Alirudi kwenye kochi lake, na kule Mama Mkubwa akavuta kapu la nguo zilizokauka akaanza kukunja. Walikaa hivyo, mmoja akigonga, mmoja akikunja, hawasemi kitu. Baadaye Mama Mkubwa aliinuka, akatoka kwenye picha, kikabaki kiti kitupu na ukuta. Kilibaki muda mrefu. Mama alikitupia jicho mara moja, akachukua msumari mwingine. Kisha dada yake akarudi na kapu la pili, akaketi.